Siku Tuliyosalimia Ngamiani Nzima

Hivi karibuni nilihudhuria semina Tanga, na waandaaji, kwa kutuonea huruma sisi watu wa kushinda vitini, wakatupangia jioni moja ya kuuzunguka mji wa kale kwa baiskeli. Nikavalishwa kofia ngumu iliyonikaa kichwani kama sufuria juu ya mafiga, nikapewa baiskeli yenye gia nyingi kuliko nilizohitaji maishani, na dada mmoja mwenye filimbi akatuambia twende kwa mstari, tusiachane. Tulipoingia Ngamiani, kwenye nyumba ya pili tu, mzee mmoja alikuwa amekaa nje ya mlango wake akipunga upepo. Kabla sijafikiri lolote, breki zilikuwa zimebanwa na mguu wangu uko chini.

"Shikamoo, mzee."

Wenzangu waliokuwa nyuma wakaparamiana. Dada akapuliza filimbi, akarudi kunitazama kama mtu anayetazama mzigo uliodondoka njiani.

"Mama, tukisimama kwa kila mzee tutalala hapa hapa."

Nilitaka kumwambia kwamba najua. Mimi na baba yangu tuliwahi kuufanyia mji huu jambo hilo hilo, na nusura tulale kweli. Lakini ningeanzia wapi, na kofia ile kichwani? Nikapanda baiskeli nikafuata mstari. Mnara wa saa niliuona, stesheni ya reli niliiona, majumba ya enzi za Wajerumani niliyaona, yote ambayo nikiwa mtoto niliyalilia bila kuonyeshwa. Sikuyafurahia hata kidogo. Nilikuwa namfikiria baba.

Sisi ni watu wa Magamba, pale juu ya Lushoto ambapo mashamba yanakoma na msitu unaanza. Kwetu, wakati ule, baiskeli ilikuwa punda. Ilibebeshwa kabichi, kuni na magunia ya viazi, ikashuka mjini siku ya soko huku mwenyewe akining'inia kwenye breki na raba zikinuka kuungua, na jioni ikasukumwa kupanda kilima chote. Raha ya baiskeli ilikuwa ni kushuka tu, na hata hiyo ilikatwa vipande vipande, maana kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: humsalimii mkubwa wako ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaiegemeza kiunoni, unatoa shikamoo, unangoja marahaba, unaulizwa ya nyumbani, unajibu, unauliza ya nyumbani kwake, unajibiwa, ndipo unapanda. Kumsalimu mzee huku unapita ilikuwa sawa na kumsalimu umelala. Habari ingefika nyumbani kabla yako, nawe ukifika ungekuta watu wamekaa kimya wanakungoja.

Baba yangu aliishika sheria hiyo kuliko alivyoushika usukani. Alikuwa fundi wa mbao na mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mtu mrefu, mpole mpaka anaudhi. Na alikuwa na sheria nyingine, ya watu wazima, ambayo mimi niliijua kwa kuchungulia tu. Mtu mwenye jambo la maana haji nalo siku ya kwanza. Siku ya kwanza anakuja kusalimia. Anakaa, anauliza mvua, anauliza mifugo, anakunywa chai, anaaga. Wenye nyumba wanabaki wakijua kwamba kuna jambo linakuja, wanapata muda wa kujipanga. Siku nyingine anarudi nalo. Waliokuja kumposa shangazi yangu walifanya hivyo, na hata jirani aliyekuja kulalamika kwamba mbuzi wetu amekula maharage yake alifanya hivyo, japo kufikia siku ya kulalamika mbuzi alikuwa ameshamaliza na mstari wa pili.

Tatizo la nyumbani kwetu lilikuwa jicho la Bibi. Bibi alikuwa mama yake baba, na mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo aliniita wajina. Jicho moja mtoto wa jicho alishalifunga kabisa. La pili alikuwa anaona nalo kama mtu anayetazama kupitia karatasi ya mafuta. Ikasemwa kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Lushoto kwa siku chache, na wazee wenye tatizo lile wapelekwe. Wazee wote wakafurahi. Bibi akakataa.

"Mama, wakiondoka hawa hatujui watarudi lini," baba alimwambia.

"Waende salama."

"Na hilo jicho litafunga."

"Wakiniharibia je, Eliya? Nitaingia gizani sijamwona Zakaria. Nileteeni Zakaria nimwone kwa hili hili nililo nalo. Nikishamwona, wanitoboe wanavyotaka."

Zakaria alikuwa mtoto wake wa kwanza, kaka yake baba, baba yangu mkubwa ambaye mimi sikuwa nimemwona hata mara moja. Alishuka Tanga kufanya kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa, na tangu hapo hakupanda tena. Salamu alizotumiwa hazikurudi na jibu. Mama mmoja wa Mlola aliyekuwa akipeleka matunda Tanga alisema amemwona Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ila namba yenyewe hakuishika.

Ikaamuliwa baba aende akamtafute kabla madaktari hawajaja. Mimi nilipelekwa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kwa sababu nililia siku nzima bila kupumzika, kipaji ambacho baadaye kilinifaa sana chuo kikuu.

Sitawadanganya kwamba nililia kwa ajili ya jicho la Bibi. Nililia kwa ajili ya barabara za namba. Shule yetu ilijengwa kwenye mteremko: darasa la kwanza lilikuwa bondeni karibu na mto, la pili juu yake, na la saba lilikuwa kileleni, ambako wakubwa walitutazama kama tai. Kwa akili yangu namba zilikuwa kitu kinachopanda. Niliposikia kwamba Ngamiani ina barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya ishirini na kuendelea, nikaona mlima mkubwa uliojaa nyumba, na mimi nimekaa kwenye keria nyuma ya baba, tunaachia breki kutoka ya ishirini, tunateremka katikati ya mji mzima, watu wanatupisha, mpaka tunatokea stesheni tukiwa bado na mwendo. Nilikuwa nimeshawaeleza hivyo watoto wote wa Magamba.

Tulishuka kwa basi kupitia Soni, masikio yakiziba na kuzibuka, na Mombo joto likatupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Tanga tulifikia kwa Mwalimu Daudi, aliyesoma na baba na kubaki huko chini, mtu mcheshi mwenye tumbo ambalo baba alilitazama kwa heshima. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya Kichina, nzito, yenye keria pana. Asubuhi yake akatukabidhi.

"Mji huu hauchunguzwi kwa miguu," alisema. "Utaungua bure. Hapa hata bi harusi anabebwa kwenye baiskeli."

Ilikuwa kweli. Sijawahi kuona baiskeli nyingi kiasi kile. Wanaume wenye kanzu, akina mama wamekaa upande kwenye keria na vikapu mapajani, watoto watatu kwenye baiskeli moja, wote wakipiga kengele bila kugombana. Harufu ya nazi inayokaangwa, samaki, mavumbi yenye chumvi. Nikakaa juu ya gunia lililokunjwa, nikashika shati la baba, nikangoja kilima.

Hakikuwepo. Mji ulikuwa umelala kama chapati. Barabara ya kwanza na ya pili zilikuwa usawa mmoja, na ya tatu, na ya nne, zimenyooka na kubanana, nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta, milango ya mbao imesuguliwa na migongo ya watu, mabati yameiva kutu. Nilimuuliza baba juu ni wapi. Akasimama kidogo, akatazama huku na huku, na nikaona kwamba yeye pia hajui. Kwetu huwezi kupotea: ukishuka utakuta mto au barabara, ukipanda utakuta kwenu. Pale chini hapakuwa na kushuka wala kupanda, kulikuwa na kona tu.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwamba mbele ya kila nyumba pana baraza, na kwenye kila baraza amekaa mzee.

Baba alikanyaga pedali labda mara nne, akafika kwa wa kwanza, akashuka. Nami nikashuka. Akaegemeza baiskeli kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Mzee alimtazama. "Nani mwenzangu?"

"Mimi natokea huku juu, Lushoto. Magamba."

"Aa, Wasambaa. Mmeleta viazi?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Kuwasalimia."

Mzee akageuka kumtazama mwenzake wa baraza ya pili, kama anayetaka shahidi. Baba akauliza habari za mvua. Mzee akasema mvua ipo. Baba akasema hata huku juu ipo. Tukaaga, tukapanda, tukaenda hatua ambazo ningeweza kurusha jiwe, tukashuka kwa yule mwenzake.

Mwanzoni nilidhani ni heshima ya kuingilia, kama kuvua kofia mlangoni, na kwamba tukishapita watu wa mbele tutaruhusiwa kwenda. Kufikia barabara ya tatu nikajua haturuhusiwi. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo, nikaulizwa nasoma darasa la ngapi, nikajibu, nikapanda. Nikashuka, nikapiga goti, nikaulizwa nasoma darasa la ngapi. Makalio hayakupata kupoa wala kuungua vizuri. Mahali fulani nyuma ya zile nyumba treni ililia, nikamvuta baba shati.

"Baba, treni."

"Tutaiona, mama."

"Lini?"

"Mzee yule ametuona. Shuka."

Zaidi ya yote, hakuuliza. Niliwaza labda nimesahau tulichojia. Nikamsikiliza vizuri kwa wazee kadhaa mfululizo, nione atalitaja lini jina la Baba Mkubwa, na kila mara alifika ukingoni kabisa mwa jina hilo, kisha akauliza mvua. Mzee mmoja wa barabara ya tisa au ya kumi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya mlango wenye pazia la maua, alikuwa mkarimu kuliko wote. Alitupa kahawa, yaani alimpa baba kahawa na mimi kashata. Baba akawauliza watoto wake mmoja mmoja, kwa majina, kadiri alivyokuwa akitajiwa. Nilikuwa nimekula kashata na vipande vilivyodondoka chini, na bado wako kwenye mtoto wa tano.

Watoto wa mtaani walikuwa wameshatugundua. Walitutangulia, wakajipanga kwenye kuta na kukunja nyuso kama wazee.

"Na sisi tusalimieni," walisema. "Sisi pia tuna mvua."

Mmoja akalishika dume la paka, akalinyanyua miguu ya mbele. "Huyu ni babu yetu. Mbona mnampita?"

Nilitamani ardhi ya Tanga, kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine ya maana, ipasuke inimeze. Hapo ndipo nilipopata maelezo yangu mwenyewe ya jambo lile, na nikayashika kwa miaka mingi: baba alikuwa anaogopa. Mtu ambaye kwetu akipita watu wanainuka, ambaye aliweza kukata mti mkubwa ukaangukia pale pale alipoonyesha kidole, huku chini alikuwa muoga, na alikuwa anawabembeleza watu wa mjini ili wasimfukuze.

Jioni Mwalimu Daudi alitukuta tumekaa mkekani, miguu yangu imetiwa kwenye beseni la maji.

"Mmempata?"

"Bado hatujauliza," baba alisema.

"Hamjauliza?"

"Leo tumesalimia."

Mwalimu alirudisha kijiko kwenye bakuli. "Eliya. Huku si Magamba. Huku mtu anauliza kwanza, akishajibiwa ndiyo anakumbuka kusalimia."

"Nitaulizaje habari za mtu aliyejificha, mbele ya watu ambao hata majina yao siyajui? Wataona nimekuja kumkamata."

"Kwani hukuja kumkamata?"

"Nimekuja kumwita."

"Basi mwite, bwana. Madaktari wa watu hawasubiri mpaka ujue majina ya wajukuu."

"Kesho," baba alisema. "Kesho nitakuwa si mgeni tena."

Kesho yake tulianza mapema, na kweli hakuwa mgeni. Mtaa mzima ulimjua. "Msambaa karudi," waliambizana baraza kwa baraza. Sasa alisalimia kwa kifupi, kifupi chake, kisha akasema: namtafuta kaka yangu, anaitwa Zakaria, alikuwa kiwandani. Wengi walitikisa kichwa. Tulipofika kwa mzee wa kiti cha kamba, yule wa kahawa, baba alikuwa bado hajamaliza jina.

"Zakaria? Zaka fundi? Si anapanga chumba cha uani humu kwangu."

Nikaona mkono wa baba unaukamata usukani vizuri.

"Yupo?"

"Kaondoka alfajiri. Kanipa ufunguo, kabeba mfuko wake wa vifaa, kadandia lori la watu wa mkonge. Shamba gani hakusema. Nikamwuliza unarudi lini, akasema atajua huko huko."

Baba alilitazama lile pazia la maua. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi:

"Jana, wakati tunakunywa kahawa hapa, alikuwa wapi?"

"Alikuwemo ndani. Jana hakutoka." Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli, na nadhani hiyo ndiyo iliyoumiza zaidi. "Ungeuliza, bwana mdogo. Neno moja tu. Tumezungumza mvua mpaka mvua zenyewe zimeona haya."

Akainuka akaleta ufunguo, akasema kama tunataka kuona chumba tuone, yeye hana neno, ndugu ni ndugu. Nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea mlangoni. Baba akanishika bega.

"Siingii chumba cha mtu ambaye hajanikaribisha," alisema.

Nililia kwa hasira, mbele ya mzee, mbele ya paka na watoto wote wa mtaa. Nilisema kwa Kishambaa, ili wasisikie, kwamba tumetoka kwetu na jua lote hili na hatuoni hata chumba. Baba alinipakia kwenye keria, akapanda, akaanza kukanyaga pedali.

Hakushuka. Barabara ya nane, ya saba, ya sita. Wazee waliokuwa wamemzoea waliinua mikono, mmoja akaita "Msambaa, vipi, umempata?", na baba akapita, mgongo umeinama, shati limemganda. Kengele zilitupisha. Upepo ukanipiga usoni kama nilivyokuwa nimewaahidi watoto wa Magamba. Tulivuka reli, na treni ilikuwa imesimama pale pale, ndefu, inapumua, tungeweza kuigusa. Nililaza uso kwenye mgongo wa baba nikafumba macho. Ndiyo mara pekee katika utoto wangu niliyoipita Ngamiani kwa mwendo wa baiskeli, na sikumbuki hata mlango mmoja.

Ndani ya basi, tulipoanza kupanda kutoka Mombo na hewa ikaanza kuwa hewa, alizungumza mwenyewe bila kuulizwa.

"Alinisikia. Sauti yangu hawezi kuisahau, tumelala kitanda kimoja mpaka tumebaleghe. Nilimpa siku nzima ya kuamua, naye akaamua. Mtu mzima hashtukizwi, mama. Anapewa habari."

Kwa hiyo haikuwa woga. Nilifikiri hilo mpaka Soni, na nikaona kwamba ningependelea ingekuwa woga. Muoga angeweza kusukumwa.

Nyumbani Bibi alikuwa amekaa kibarazani, uso umeelekea njia. Alitusikia hatua, akahesabu miguu kwa masikio, akajua hatuko na mtu.

"Hamkumwona."

"Hatukumkuta, mama. Ameondoka asubuhi ya jana."

"Na juzi mlikuwa wapi?"

Baba alieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ripoti ya kanisa: kwamba siku ya kwanza tuliingia kwa heshima, tukasalimia, watu wakatujua. Nilimtazama Bibi. Yeye ndiye aliyemfundisha haya yote. Yeye ndiye aliyewahi kumchapa baba, mtu mzima mwenye ndevu, kwa ufito, kwa kumpita mjomba wake na baiskeli. Nikadhani atamsifu.

"Ulisalimia siku nzima," Bibi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikutuma salamu?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilikutuma mtu." Akapangusa lile jicho lililobaki kwa ncha ya khanga. "Ungeingia na kamba, Eliya. Ungemfunga kama mbuzi ukamleta analia. Ningemfungua mwenyewe."

Sikuwahi kumpenda Bibi kama dakika ile. Hatimaye mtu mmoja katika ukoo mzima alikuwa amesema nilichokuwa nikifikiri. Na kabla baba hajapata la kujibu akasema kesho apelekwe hospitali. Kama mwanawe haji kuonekana, basi yeye atakuwa mtu wa kwenda kuona, na kwa jicho hili hawezi kwenda hata chooni.

Wakamfanyia upasuaji jicho moja. Walipofungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake, nimevaa gauni la kanisani, nikingoja machozi ya furaha. Akanitazama muda mrefu.

"Wajina," alisema, "kumbe una meno makubwa hivi."

Alipopona alishuka Tanga na shangazi. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Mimi nilikuwa darasani nikijifunza mito mikubwa ya dunia. Shangazi ndiye aliyetusimulia. Mwalimu Daudi aliwafikisha pale penye kiti cha kamba, na Bibi, ambaye maishani hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi, alisimama katikati ya barabara na mkongojo wake akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Namtaka mwanangu Zakaria." Hakuna shikamoo, hakuna habari za asubuhi. Mzee wa kiti cha kamba alikuwa bado anatafuta viatu vyake wakati Zakaria, aliyekuwa amesharudi kutoka kwenye mkonge, alipotokea uani na mikono yenye grisi.

Siku waliporudi, baba alimngoja Bibi amalize kula.

"Mlimwona, mama?"

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Ana mvi kichwa kizima. Alikuwa anangoja apate kitu cha kushika mkononi ndipo apande." Bibi alisogeza sahani. "Anasema siku ile ulipokuwa nje unakunywa kahawa ya watu, yeye alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alivaa viatu kabisa. Akasema, Eliya amekuja kunichukua. Akangoja umtaje."

Baba aliichukua ile sahani, akabaki ameishika.

"Ukauliza mvua. Ukauliza watoto wa yule mzee, mmoja mmoja. Ukaaga. Akasikia unapanda baiskeli unakwenda. Akasema, kumbe hawakunijia mimi."

"Lakini anajua," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Anajua kwamba siku ya kwanza hatusemi. Alilelewa humu humu. Ningerudi kesho yake, na nilirudi."

"Ameondoka humu siku nyingi, Eliya."

"Angetoka, basi. Angefungua tu pazia."

"Na wewe ungeuliza tu," Bibi alisema, bila ukali sasa, na akaomba maji ya kunawa.

Baba alitoka nje. Kwa wiki nyingi baada ya hapo alifanya kazi bila kuimba, jambo ambalo kwa fundi wa mbao wa Magamba linasikika mpaka Shume.

Zakaria alipanda karibu na Krismasi. Ulikuwa mchana wa ukungu, ule unaotambaa kutoka msituni na kukaa juu ya mashamba kama moshi uliokosa pa kwenda. Baba alikuwa uani anapiga randa ubao wa mvinje, mimi nakusanya maranda ya kuwashia moto. Akatokea mtu kwenye njia, mkoba mdogo mkononi, mwendo wa mtu aliyesahau kupanda mlima. Alisimama pale penye mdalasini, mahali ambapo kila anayekuja kwetu husimama, kwa sababu ndipo salamu zinapoanzia. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa baba yangu, amekatwa kidogo miguuni na kupakwa chokaa kichwani.

Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo shikamoo ilikuwa ya baba kuitoa. Mimi nilikuwa nimeshapiga goti langu, nangoja baba aanze ili nifuate. Baba aliweka randa chini. Akapangusa mikono kwenye suruali, pande zote mbili.

"Zakaria," alisema, "siku ile tulikuja kukutafuta wewe."

Baba Mkubwa alitazama chini, kisha akatazama juu.

"Nimesikia," alisema.

Na wakabaki wamesimama vile vile, watu wawili wazima, hatua chache kati yao, kwa sababu salamu ilikuwa imerukwa na hakuna hata mmoja aliyejua inarudiwaje. Bibi alikuwa ametoka kibarazani, anawatazama kwa jicho lake. Mimi nilikuwa bado nimepiga goti.